Kamba ya Mjomba Masanja

Rujewa, Jumapili, jua likishuka

Kabula mwanangu,

Hii ni mara ya tatu leo naketi kukuandikia, na mara mbili nimeinuka kabla ya kumaliza mstari wa kwanza. Mara ya kwanza nilikwenda kutazama kama sanduku lako limefungwa sawasawa. Nikalifungua, nikalifunga tena. Mara ya pili nilikwenda zizini bila sababu yoyote. Ng'ombe walikuwa bado malishoni. Mama yako, anayekukaangia karanga za njiani, amenitazama nikipita akasema, "Baba Kabula, kama una neno na mwanao, mwanao yuko kisimani. Unamwandikia barua mtu utakayekula naye jioni hii hii?"

Nikamjibu kwamba maneno mengine yakisemwa kwa mdomo hukatizwa.

"Na nani?"

"Na wewe."

Amecheka mpaka karanga zikaanza kuungua, na nimelaumiwa mimi.

Habari za maji ya kuchemsha, za blanketi la pili kwa baridi ya Iringa na za kuchagua nyumba ya kupanga ameshakwambia yeye, na atakwambia tena kesho kando ya barabara mpaka basi liondoke. Mimi nina jambo moja tu, nalo ndilo linaloninyima utulivu tangu jana.

Jana walipokuja wajomba zako ulikuwa unamimina chai, kwa hiyo labda hukuuona uso wangu. Mjomba Masanja alizungumza kwa niaba ya wenzake, na mzee Nkwabi alikaa kando yake akitikisa kichwa kila baada ya neno kama mtu anayepigilia misumari. Walikuwa wametoka mnadani. Wameuza ng'ombe, kila mmoja kwa uwezo wake, ili wewe na rafiki yako Tusa mnunue mashine nne za kufumia, mfungue karakana ya sweta za shule. Nilifurahi, nisiseme uongo. Wazee wa ng'ombe kumchangia msichana akafume sweta ni jambo ambalo sikutegemea kuliona. Ndipo Masanja, akikuita mama kwa Kisukuma, aliposema, "Mayu, sisi sweta hatuzijui. Tunajua ng'ombe. Wewe hesabu kwamba tumeweka ng'ombe kwako." Nawe ukapiga goti ukajibu, "Asanteni wajomba, nitawachunga vizuri," na nyumba nzima ikacheka.

Nami nilicheka. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama peke yangu, maana maneno yale si ya Masanja. Ni yangu. Niliyasema mimi, katika nyumba hii hii, mbele ya wazee wale wale, mwaka ule ulipoanza darasa la kwanza.

Wewe umezaliwa huku Usangu. Umekua kati ya Wasangu na Wabena, umefundishwa ufumaji na Wanyakyusa huko Iyunga, Mbeya, pamoja na Tusa, na desturi zetu za kaskazini unazijua kama mtu anavyoujua wimbo aliousikia ukiimbwa chumba cha pili. Hukosei sauti, lakini maneno mengine yamekupita. Acha nikupe hayo yaliyokupita.

Kwetu mtu mwenye akili halazi ng'ombe wake wote zizi moja. Ugonjwa ukiingia humaliza zizi, na ukame ukija humaliza kijiji. Kwa hiyo huwagawa. Humpeleka mtamba kwa rafiki aliye mbali, na yule rafiki hunywa maziwa, hupata samadi ya shamba, na kundi likikua naye hupewa ndama. Lakini ng'ombe na uzao wake hubaki mali ya aliyemleta. Ndiyo maana, akishamkabidhi, mwenye ng'ombe humvua kamba aliyokuja nayo, hurudi nayo nyumbani na kuitundika ukutani. Siku akipata shida, iwe msiba, iwe posa ya kijana wake, huishusha kamba ile na kuja. Haulizwi kwa nini. Akionekana tu njiani na kamba begani, mwenye zizi humwambia mkewe ainjike ugali, maana mgeni amekuja kuchukua kilicho chake.

Ni desturi nzuri, Kabula, na sitaki uidharau. Mwaka tulioondoka kwetu, ardhi ilipasuka mpaka mtu angeweza kupoteza fimbo ndani ya ufa. Zizi la baba yangu lilibaki mifupa. Ng'ombe tuliokuja nao huku ni wale tuliokuwa tumewaweka kwa watu, wakanusurika kwa sababu hawakuwa kwetu. Nilitembea na kamba za marehemu baba begani, nikipita kijiji baada ya kijiji, na hakuna hata mtu mmoja aliyenikana. Mpaka leo nikifumba macho naweza kukutajia kila nyumba, na upande wa mlango wake. Nimeishi Rujewa miaka mingi kuliko niliyoishi kwetu, na bado nikiota naota milango ile.

Sasa, mtu aliyeokolewa na kitu hudhani kitu kile kitamwokoa kila mahali. Hapo ndipo nilipokosea.

Nilikuwa nimewahi kuwa karani wa chama cha pamba. Nilijua hesabu, nilisoma kila karatasi iliyopita mkononi mwangu, hata gazeti lililofungia sukari. Nilipoona watu wa bonde hili wanatwanga mpunga kwa mchi, au wanaupakia magunia kwa magunia kwenda kukobolewa mbali, nikajua mashine ya kukoboa ingekaa hapa kama jino kwenye ufizi. Nilikwenda benki Mbeya. Bwana wa mikopo aliniuliza nina nyumba ya matofali ya kuchoma? Sina. Nina hati ya shamba? Sina. Nina nini basi? Nikamwambia nina watu. Akatabasamu, akafunga faili ambalo hata halikuwa langu.

Nikarudi, nikawaita wazee. Nikawaambia, nipeni ng'ombe niuze ninunue mashine, na mhesabu kwamba mmewaweka kwangu. Wakaelewa papo hapo. Hawakuuliza swali hata moja. Nilijiona mjanja sana, kwamba nimepata mtaji bila karatasi wala dhamana, kwa lugha ya kwetu. Leo nasema mkutano uliokubaliana haraka kiasi kile ungepaswa kunitia shaka. Walikubali haraka kwa sababu kila mmoja alikuwa na hakika ya kile alichokuwa akikubali, na hakikuwa kile nilichokuwa nacho kichwani.

Miaka ya kwanza ilikuwa mizuri. Unakumbuka mlio wa injini ile, tuh-tuh-tuh, na jinsi ulivyokuwa ukirudi shuleni na vumbi la pumba kwenye nyusi kama bibi kizee. Kisha kijana wa Nkwabi akapata mchumba, na siku moja wakati foleni imejaa, mzee akaingia mlangoni.

"Karibu mzee. Umekuja na mpunga?"

"Nimekuja na kamba."

Nilidhani anatania. Nikamwonyesha mashine. "Ng'ombe wako ndiye huyu anayenguruma."

"Basi nionyeshe shingo yake nifunge."

Watu wa foleni wakacheka. Yeye hakucheka. "Na ndama wangu wako wapi?"

"Mzee, mashine haizai."

"Miaka yote hii? Basi ulininunulia tasa, na hukuniambia."

Niliwahi kusoma vitabu vinavyoeleza tofauti ya deni na hisa kwa kurasa nyingi, lakini hakuna ukurasa ulionieleza jambo hilo kama swali la Nkwabi kuhusu ndama. Alikuwa na haki. Kwa neno langu mwenyewe alikuwa na haki ya kuja siku yoyote, bila sababu, na kukuta ng'ombe na uzao wake. Ng'ombe huongezeka hata akiwa amelala. Mashine hupungua hata ikiwa imelala, kutu haipumziki. Nilikuwa nimechukua kitu kinachochakaa nikakipa masharti ya kitu kinachozaa.

Nilimlipa kwa fedha niliyotenga kununulia mkanda mpya na vipuri. Habari zikasambaa, na wengine wakaingiwa na hofu kwamba wakichelewa watakuta zizi tupu. Wakaja, mmoja ana msiba, mwingine ana mgonjwa hospitali. Hakuna aliyesema uongo, hakuna aliyekuwa mwovu. Hilo ndilo lililonisumbua miaka mingi. Nilimtafuta mwovu nisimpate.

Mjomba wako Masanja alikuja wa mwisho. Alisimama mlangoni ameficha kamba nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba muwa. Akaulizia mvua, akaulizia afya ya dada yake, akala, akaondoka na kamba yake bila kuitaja. Lakini mimi niliiona. Sikuweza kustahimili upole ule. Kabla ya mavuno yaliyofuata nikaiuza injini kwa mtu wa Madibira, nikampelekea Masanja ng'ombe wake.

"Shemeji," akasema, "mimi sikudai."

"Kamba ilidai," nikamwambia.

Tangu hapo nimekuwa karani wa mizani ya watu wengine. Si kazi mbaya. Lakini siku upepo ukitoka upande wa Madibira, nami nikasikia injini yoyote, huwa nasimama kidogo.

Lakini nikikuacha uamini kwamba mashine iliuawa na kamba peke yake, nitakuwa nimekudanganya. Kamba zilikuta mnyama ambaye tayari ni mgonjwa.

Ufunguo wa chumba cha injini niliuvaa shingoni kwa uzi wa katani. Nilikuwa na fundi mzuri, kijana wa Kibena, lakini kila asubuhi alinisubiri mlangoni kama mteja. Mwaka mmoja homa ikanilaza. Mama yako akaja kuniambia watu wamelala juu ya magunia yao nje ya mashine, wananingoja mimi. Unajua nilijisikiaje, Kabula? Nilifurahi. Nikiwa natetemeka chini ya mablanketi mawili, nilifurahi kusikia kwamba kazi imesimama kwa sababu sipo. Mama yako akasema, "Nipe ufunguo nimpelekee fundi." Nikamjibu kesho nitakuwa mzima. Kesho yake sikuwa mzima, wala keshokutwa. Wale watu walibeba mpunga wao wakaenda kwingine, na wengine hawakurudi tena. Sikuwahi kumwambia mtu habari ya furaha ile. Naiandika hapa kwa sababu najua nawe utakuja kuionja, siku Tusa atakapokuja mbio kukwambia "bila wewe hatukuweza." Ni tamu. Iogope.

Kisha kulikuwa na suala la lugha. Mimi na ndugu zangu wawili niliowaajiri tulikuwa tukizungumza Kisukuma kando ya mashine, na kutaniana kama tulivyozoea. Mama Sekela, Msangu, aliyekuwa mkuu wa wanawake wapepetaji, siku moja akaniambia huku akipepeta, bila kuniangalia, "Baba Kabula, mkicheka Kisukuma, sisi huku tunajitazama nguo."

Nililichukua kama utani, nikamjibu kwa utani. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba yule mama alikuwa amenipa ripoti nzima ya kampuni yangu kwa sentensi moja. Kesho unakwenda mahali ambapo wewe na Tusa mtakuwa mnajua Kinyakyusa, na wasichana mtakaowaajiri watakuwa Wahehe. Kinyakyusa kitawatoka bila kufikiri, hasa mkiwa mmechoka, hasa kosa likitokea. Watazame wale wasichana wakati huo. Ukiona mmoja anavuta sketi yake chini, jua mmeshaanza kujenga ukuta.

Na chenga. Mama Sekela na wenzake walikuwa na mazoea ya kufagia sakafu jioni na kugawana mchele uliovunjika uliomwagika. Mimi, karani, nikasoma mahali fulani kwamba biashara hufa kwa upotevu mdogo mdogo. Nikaamuru chenga zipimwe na ziuzwe kwa wafuga kuku. Hakuna aliyelalamika. Waliendelea kupepeta, waliendelea kuniamkia. Lakini mkanda wa mashine ulipoanza kuungua wakati nikiwa nje, hakuna aliyeniita. Nilipoingia, moshi ulikuwa umeshajaa.

"Hamkusikia harufu?" nikauliza.

"Tumesikia," akasema Mama Sekela. "Tumedhani nayo inauzwa."

Mama yako huicheka hadithi hiyo mpaka leo. Mimi nimejifunza kuicheka hivi karibuni tu. Katika karakana yenu kutabaki nyuzi fupi fupi ambazo hazitoshi hata mkono wa sweta. Wewe ni binti wa karani. Utatamani kuziweka kwenye kabati na kulifunga. Waachie wasichana wawafumie watoto wao kofia. Kofia moja ya rangi tatu kichwani mwa mtoto wa mfanyakazi itakulindia mashine kuliko kufuli.

Nimetoka nje kidogo. Ng'ombe wamerudi. Nimewahesabu, nikasahau, nikawahesabu tena.

Nilikuwa nataka kukwambia pia habari ya mikopo, ile inayosemwa siku hizi kwamba serikali inawapa vikundi vya viwanda vidogo. Sina neno baya. Lakini kabla hujauliza riba, uliza deni linaangukia mwezi gani. Mimi niliwahi kukopa vipuri, nikakubali kulipa mwezi wa pili, wakati hakuna mpunga wa kukoboa bonde zima na hata panya wamekonda. Mwenye duka hakuwa na kosa. Alisema mwezi, nikasema sawa, kwa sababu niliona haya kumwambia ukweli wa msimu wangu. Sweta zina msimu wake: shule zikifunguliwa Januari, na kabla ya baridi ya Juni. Deni lolote lisiloijua baridi ya Juni si lako. Na ukimpata mwalimu mkuu atakayelipa sehemu kabla hujaanza kufuma, mheshimu kuliko benki. Fedha ya mtu anayengoja sweta haiji na kamba. Anachotaka ni sweta.

Na Tusa. Ni rafiki yako, nampenda, ana mdomo na ana mikono. Gombaneni mapema, wakati bado mna mambo madogo ya kugombania. Mimi na ndugu zangu tulistahiana mpaka siku ya kuuza injini, na siku hiyo tukasema yote kwa mkupuo. Yalikuwa mengi mno kwa siku moja.

Naona nazunguka. Nazunguka kwa sababu bado sijakwambia ufanye nini na ile bahasha ya fedha waliyokukabidhi jana, na sijakwambia kwa sababu sijui. Ukiikataa, umewavunjia heshima wazee waliouza ng'ombe kwa ajili yako, na unakwenda Iringa na mikono miwili na sindano. Ukiipokea kwa neno lile, ipo siku, hata kama mambo yanakwenda vizuri, hasa kama mambo yanakwenda vizuri, utamwona Nkwabi mlangoni Iringa, kamba begani, anaulizia ndama wa mashine yako.

Siwezi kukaa. Naenda kwa Masanja. Kalamu naiacha hapa hapa.

Nimerudi. Mama yako amewasha taa, nawe uko jikoni mnabishana kuhusu karanga. Nitakuandikia yaliyotokea kama yalivyotokea.

Nilimkuta mjomba wako ameketi nje anachonga mpini wa jembe. Kamba ya yule ng'ombe wake mwekundu aliyemuuza mnadani ilikuwa ukutani nyuma yake, juu ya msumari, kama nilivyojua itakuwa. Tukasalimiana. Nikamwambia, "Shemeji, nimekuja kuomba."

"Ng'ombe nimeshatoa."

"Sikuja kuomba ng'ombe. Nimekuja kuomba kamba."

Aliacha kuchonga. Hakujifanya hakuelewa, hiyo ndiyo heshima yake. Akasema, "Kamba ni kubwa kuliko ng'ombe."

"Najua."

"Ng'ombe hufa. Kamba ikibaki ukutani, mtu anajua alikuwa na ng'ombe."

Ndipo nikamwuliza kama anakumbuka dume tulilochangia Krismasi iliyopita, nyumba kadhaa, tukalichinja. Anakumbuka. Lilikuwa limekonda, si ndiyo? Lilikuwa mbavu tupu. Nyama ilipogawanywa mafungu, kuna aliyedai mguu wake urudi ukiwa hai?

"Utamdai nani? Tulikuwa tumeshakula."

"Na kama dume lingekuwa limenona?"

"Tungenona sote." Kisha akanitazama kwa jicho moja, lile analotumia mnadani. "Kwa hiyo unataka kuniambia Kabula amechinja."

"Namtaka achinje. Ng'ombe wako awe wa kuchangia, si wa kuweka. Kila mwaka watakapogawana faida, upate fungu lako. Likinona, utakula kinono. Likiwa mifupa, utatafuna mifupa pamoja naye."

"Shemeji, mimi meno sina."

"Utakunywa supu."

Alicheka, kisha akarudia kuchonga mpini. Mke wa mjomba wako alitoka akatuangalia, akarudi ndani. Masanja akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Ile siku nilikuja kwako na kamba nikaondoka nayo. Nilidhani nimekusaidia. Nawe ukaiuza mashine. Ningekuwa nimeiacha kamba pale pale mlangoni kwako, ungeiuza?"

Nikasema labda nisingeiuza.

"Basi," akasema, akainuka, akaishusha kamba, akanirushia. "Mwambie mayu ng'ombe wangu ameliwa. Lakini kwa wenzangu usiende. Nkwabi kamba yake anaiota usiku."

Nilikuwa nimeshapiga hatua kuelekea kwa Nkwabi, Kabula. Mguu ulikuwa hewani. Ndipo nikajisikia ufunguo shingoni. Kazi ni yenu, wewe na Tusa, mtaji ni wenu, jina la karakana mmelichagua nyinyi, na mimi ninakwenda nyumba hadi nyumba kubadilisha masharti yenu bila kukuuliza hata neno moja. Kwa Masanja nimeshafanya, na unaweza kunikasirikia. Utakuwa na haki. Lakini kwa Nkwabi nimegeuza mguu nikarudi nyumbani, na tangu nikae hapa magoti yananicheza kwa kutaka kwenda.

Kwa hiyo mambo yako hivi. Sehemu ya Masanja ni ya kuchangia. Itatosha mashine moja, na nyuzi za kuanzia kama mtabana. Ya wengine wote, pamoja na ya Nkwabi, iko nayo ndani ya bahasha ile ile juu ya kabati, pale ulipoiweka mwenyewe. Sijaigusa. Bado ni ya ng'ombe wa kuweka. Kesho asubuhi watakuja wote kukuaga. Unaweza kuichukua kama ilivyo, uende na mashine nne na kamba ukutani kwao. Unaweza kuwarudishia kwa heshima, uanze na mashine moja, na wewe na Tusa mfume kwa zamu. Unaweza pia kuwaomba, mmoja mmoja, mbele ya chai, kile nilichomwomba Masanja, na huenda akapatikana mwingine wa kukubali. Mimi najua ninalopenda ufanye, na ukinitazama usoni utalijua. Usinitazame.

Sasa hivi umepita mlangoni na taa, ukasimama. "Baba, mbona sanduku langu limefungwa kama ng'ombe?"

Nimekwambia utasoma. Umesema, "Umri huu bado unanipa kazi ya nyumbani?" ukaenda zako ukicheka.

Ni kamba ya mjomba wako. Nimelifungia sanduku kwa sababu mkanda wa zamani ulikuwa umekatika, na kwa sababu nyingine ambayo sasa unaijua. Ukifika, usiirudishe na wala usiitupe. Kesho Masanja atakuja kukuaga, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu atakuwa ametoa ng'ombe bila kubaki na kamba yake ukutani. Msalimie kabla ya wengine.

Mama yako anataka nikubebee sanduku mpaka barabarani. Nimeshamkatalia, na bado hajui kwa nini. Utalibeba wewe. Mimi nitatembea nyuma yako na mikono mitupu, nikijizuia, na usidhani kwamba sifanyi kazi.

Mimi baba yako, ambaye leo hajaweza kukaa.